Shangazi ale nini? Chakula cha mwenye vifuko vya utumbo

Umefika Tanga kwa likizo. Umeshuka kwenye basi, umempa Shangazi shikamoo yake, umeitikiwa marahaba, na kesho yake asubuhi unaamka na hamu ya mwaka mzima: mbaazi za nazi na maandazi ya moto. Sahani inakuja. Lakini unakula peke yako. Shangazi amekaa pembeni na kikombe cha chai ya rangi na kipande cha mkate mweupe.

"Mie siku hizi sili mbaazi, mwanangu. Wala mahindi, wala nyanya, wala karanga. Nimeambiwa nina vifuko kwenye utumbo. Mbegu ikiingia humo, nimekwisha."

Unamtazama vizuri. Kweli amepungua. Na baadaye, mkiwa wawili tu uani, anakwambia kwa sauti ya chini jambo ambalo si rahisi mtu mzima kumwambia mtoto wa kaka yake: leo ni siku ya nne hajapata choo.

Sasa ufanye nini? Wewe ndiye unayejua kusoma maandishi madogo ya kwenye karatasi ya hospitali, una miguu ya kwenda sokoni, na huenda wiki hii ndiye utakayeshika mwiko. (Na wewe kaka, usigeuze ukurasa. Mwiko hauna jinsia.) Ukielewa ugonjwa huu unavyokwenda, utaweza kumsaidia. Usipoelewa, unaweza kumpikia kwa mapenzi makubwa kitu ambacho siku hiyo hakimfai, au kumnyima kwa mapenzi yaleyale kitu anachokihitaji sana.

Vifuko vyenyewe ni nini?

Umewahi kuona tairi la baiskeli lililochakaa? Pale lilipochoka, mpira wa ndani hupenya na kujitokeza kama kijipu. Utumbo mpana nao uko hivyo. Ni bomba lenye urefu wa kama mita moja na nusu, ukuta wake una misuli, na kwenye misuli hiyo kuna sehemu dhaifu ambapo mishipa ya damu hupita. Miaka ikienda, na presha ya ndani ya utumbo ikisukuma, ngozi laini ya ndani huweza kupenya kwenye sehemu hizo na kufanya kifuko kidogo. Vingi vina ukubwa wa punje ya mbaazi. Mtu anaweza kuwa na kimoja, anaweza kuwa na makumi.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulichanganya, hata wagonjwa wenyewe. Kuwa na vifuko ni jambo moja. Vifuko kuvimba ni jambo jingine. Wengi wenye vifuko hawajui kama wanavyo, hawaumwi kitu, wataishi navyo mpaka uzee wao. Huko Ulaya na Marekani zaidi ya nusu ya watu waliofika miaka 60 wanavyo, na wanaopata uvimbe ni wachache sana kati yao. Lakini kifuko kikivimba na bakteria wakachachamaa, ndipo tumbo linauma, mara nyingi upande wa kushoto chini, homa inapanda, hamu ya kula inakwisha, choo kinafunga au kinaharisha. Madaktari huita hali hiyo daivatikulaitisi. Ulimi ukigoma, sema tu "vifuko vimevimba". Daktari atakuelewa.

Kwa hiyo swali la "Shangazi ale nini?" lina majibu mawili, na yanapingana kabisa. Kuna chakula cha siku za kuumwa, na kuna chakula cha siku za uzima. Kosa linalofanyika kwenye nyumba nyingi ni kuchukua sheria za siku za kuumwa na kuzifanya za maisha. Ndicho kilichompata Shangazi.

Siku za kuumwa

Tuanze na siku mbaya. Vifuko vimevimba, Shangazi ameonwa hospitali, na daktari amesema si mbaya kiasi cha kulazwa, atibiwe nyumbani. Pengine amepewa vidonge vya kuua bakteria, pengine hakupewa. Usishangae kama hakupewa. Siku hizi mgonjwa asiye na hali mbaya na asiye na magonjwa mengine mazito anaweza kupona bila vidonge hivyo, na daktari ndiye wa kuamua.

Katika siku hizi utumbo ni kama mguu ulioteguka. Mguu ulioteguka huulazimishi kucheza mpira. Siku 2 au 3 za mwanzo madaktari wengi humshauri mgonjwa atumie vitu vya majimaji tu, tena vile vyepesi: maji, chai ya rangi yenye sukari kidogo, supu ya kuku iliyochujwa mpaka ikabaki maji yake, dafu. Asilazimishwe kula. Wale wa "kula hata kidogo upate nguvu" uwashukuru, halafu uwape kazi nyingine. Lakini ikiwa mgonjwa mwenyewe anasikia njaa na tumbo linakubali, si dhambi kuanza chakula laini mapema.

Angalizo moja kubwa. Kama Shangazi ana kisukari na anatumia vidonge au sindano ya insulini, asikae kwenye vitu vya majimaji bila kuuliza daktari kuhusu dawa zake. Sukari inaweza kushuka ghafla akazimia. Na kama siku 3 zimepita bado anaishi kwa supu na chai, hajaweza kula, mrudishe hospitali. Hiyo si lishe ya wiki nzima.

Maumivu yakianza kutulia, unaingia kwenye chakula laini chenye makapi machache. Hapa, na hapa tu, ndipo vyakula vyeupe vinapopata heshima yao: wali uliopikwa ukalainika, uji wa mchele, mkate mweupe, ugali laini wa sembe, viazi mviringo vilivyomenywa na kupondwa, yai la kuchemsha, samaki, kuku asiye na ngozi, mtindi kama maziwa hayamsumbui, ndizi mbivu, karoti au boga lililoiva sana. Mafuta yawe kidogo. Pilipili iweke kabatini. Maharage, mbaazi, kisamvu, mahindi ya kuchoma na mapera yasubiri nje kwanza. Siyo kwamba ni sumu. Ni kwamba yana makapi mengi na gesi, na utumbo uliovimba hauhitaji kazi ya ziada.

Na jambo hili lisikie vizuri, maana bibi na majirani watakuja na ushauri: tumbo likiuma kwa homa, usimpe haluli, usimpe mafuta ya nyonyo, wala usimpige bomba la maji ya sabuni ili "asafishike". Utumbo uliovimba ukisukumwa kwa nguvu unaweza kuumia zaidi.

Siku ngapi? Inategemea mtu. Wengine siku chache, wengine wiki moja au mbili. Maumivu yakiisha, homa ikiisha, choo kikianza kutoka kama kawaida, mlango wa siku za uzima umefunguka. Na ni lazima muuvuke.

Hadithi ya mbegu imetoka wapi?

Shangazi hakujitungia. Kwa miaka mingi madaktari wenyewe walifundishwa hivyo: mwenye vifuko asile karanga, mbegu, mahindi wala bisi. Ukifikiri unaona mantiki yake. Kifuko ni kidogo, mbegu ni ndogo, ikiingia itakwama, itaoza, itachochea uvimbe. Ni hoja nzuri kabisa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa ameipima.

Mwaka 2008 matokeo ya upimaji yalitolewa Marekani. Watafiti walikuwa wamefuatilia wanaume 47,228 kwa miaka 18, wengi wao wakiwa madaktari wa meno, wa mifugo, wafamasia na watu wa kazi kama hizo, wakiwauliza kila baada ya muda wanakula nini na wameugua nini. Kama hadithi ya mbegu ingekuwa kweli, wala karanga na bisi wangekuwa wamejaa wodini. Haikuwa hivyo. Waliokula karanga na jamii yake angalau mara 2 kwa wiki walipata uvimbe wa vifuko mara chache kuliko wale waliozila kwa nadra sana. Waliokula bisi vilevile. Mahindi hayakuongeza hatari.

Sasa usikimbie kumwambia Shangazi kwamba bisi ni dawa. Utafiti wa aina hii unaonyesha kwamba chakula fulani hakileti ugonjwa. Hauthibitishi kwamba kinauponya. Lakini unatosha kumwondolea hofu. Nyanya yake, bamia lake, karanga zake za kuchemsha, ufuta wake, vyote hivyo anaweza kuvirudia akiwa mzima. Kuna mtu mmoja mmoja ambaye kila akila kitu fulani tumbo humsumbua. Huyo akiache hicho alichokiona mwenyewe, asiache duka zima.

Daktari wa Mulago

Hapa nitakupeleka kidogo Uganda, maana mazungumzo yote ya vifuko na chakula yana mizizi hapa kwetu Afrika Mashariki. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland. Alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira, kisha hospitali ya Mulago mjini Kampala. Dunia inamkumbuka zaidi kwa saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958, ile inayoitwa kwa jina lake mpaka leo. Lakini huyohuyo alikuwa na jambo jingine kichwani. Magonjwa yaliyojaza hospitali za Uingereza, vifuko vya utumbo vikiwemo, hakuyaona kwa wanakijiji wa Uganda. Kwa nini?

Yeye na mwenzake Neil Painter walitoa jibu lao mwaka 1971: ni chakula. Wazungu wanakula unga uliokobolewa, mkate mweupe, sukari. Waafrika wa vijijini wanakula nafaka nzima, mikunde, viazi vitamu, majani. Choo cha mmoja ni kidogo na kigumu, cha mwingine ni kikubwa na laini. Burkitt hakuona haya. Alipima vyoo vya watu kwa mizani, na aliwaonyesha madaktari wenzake picha zake mikutanoni. Nawe usione haya kuyazungumza.

Je, alikuwa sahihi? Nusu. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliwachunguza kwa kamera watu zaidi ya 2,000, na wale waliokula makapi mengi hawakuonekana kuwa na vifuko vichache. Urithi nao una sehemu kubwa. Uchunguzi wa mapacha wa nchi za Ulaya ya Kaskazini umeonyesha kwamba karibu nusu ya hatari inatoka kwenye damu ya ukoo. Kwa hiyo asije mtu akamlaumu Shangazi ati amejiletea. Ila kwenye kuugua, pale vifuko vinapovimba na kumpeleka mtu hospitali, makapi yamesimama imara. Utafiti wa watu 47,033 wa Uingereza na Scotland, uliotoka mwaka 2011, uliona kwamba wasiokula nyama walilazwa au kufa kwa ugonjwa wa vifuko kwa asilimia 31 chini ya wala nyama, na waliokula makapi mengi walikuwa salama zaidi ya wenzao.

Ajabu yake ni hii: leo wapo watu wengi wa miji yetu wanaokula kama wale Wazungu wa Burkitt. Sembe, chipsi, soda, mkate mweupe. Mtu akipata hela kidogo anaacha dona, maana dona ni ya shida. Na vifuko sasa vinaonekana hospitalini kwetu pia.

Siku za uzima: kurudisha makapi bila kasheshe

Makapi, au nyuzinyuzi, ni ile sehemu ya mimea ambayo tumbo haliwezi kuisaga. Inapita mpaka utumbo mpana, inashika maji, inakifanya choo kiwe laini na kizito kiasi cha kusukumika bila kujikamua, na inawalisha wale bakteria wazuri wanaoulinda utumbo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Usihangaike na mizani ya jikoni. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10. Nusu ya parachichi la kawaida ina kama gramu 5 au 6. Pera moja tu, dogo, lina kama gramu 3. Kikombe cha wali mweupe? Hata gramu moja hakifiki. Umeona sasa kwa nini chai ya rangi na mkate mweupe vimemfunga choo siku nne.

Lakini usimrudishe kwa fujo. Ukimpa leo sahani ya mbaazi, kesho dona, keshokutwa kisamvu, tumbo litajaa gesi, litauma, na atasema: "Si nilikwambia?" Hapo umempoteza. Hatamsikiliza mtu tena.

Panda ngazi polepole. Anza na unga. Changanya dona kidogo kwenye sembe, robo kwa robo tatu, wiki ijayo nusu kwa nusu. Ulimi wake hautagundua, na kama atagundua atasema tu ugali umekuwa mtamu. Asubuhi mbadilishie mkate mweupe kwa uji wa ulezi au wa mtama. Tunda ni rahisi zaidi: kipande cha papai, parachichi, chungwa linaloliwa na nyama yake badala ya kukamuliwa juisi. Halafu mboga za majani zilizoiva vizuri, mchicha au matembele kwanza, kwa kuwa ni laini. Mikunde ije mwisho, na ije kwa vijiko. Vijiko viwili vya choroko au dengu, uone siku mbili tatu tumbo linasemaje, kisha vinne. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, pika kwa maji mapya mpaka ziive kabisa. Gesi hupungua sana.

Na maji! Makapi bila maji ni sawa na saruji. Kama moyo na figo zake ni nzima, anywe maji siku nzima, glasi moja kila anapokaa kula na nyingine katikati, mpaka mkojo uwe mweupe au wa njano iliyofifia. Akiwa anafunga Ramadhani maji yote hayo yaingie kati ya futari na daku, na kama amepona juzi juzi tu aulize daktari kwanza kama mwili wake uko tayari kufunga. Mgonjwa ana ruhusa yake.

Umeona kwamba hakuna nilichokitaja ambacho kinauzwa supamaketi? Wapo wanaouza makopo ya unga wa makapi kwa bei ya kutisha. Kwa mtu ambaye kweli hawezi kula mikunde na mboga, daktari anaweza kumwandikia, na unasaidia. Lakini hela ya kopo moja, ukienda nayo sokoni asubuhi, unarudi na kapu la wiki nzima.

Kuhusu nyama: nyama nyekundu nyingi, ile ya kila siku, imeonekana kwenda sambamba na vifuko kuvimba. Samaki na kuku hawajaonekana hivyo. Tanga ina samaki, mshukuru Mungu.

Vitu visivyo chakula ambavyo viko mezani

Nenda kaangalie kile kikopo cha dawa karibu na chumvi. Watu wazima wengi wanaumwa magoti na migongo, na wanameza diklofenaki au ibuprofeni kama peremende. Dawa hizo zikitumika mara kwa mara huongeza hatari ya vifuko kuvimba, kutoboka na kutoa damu. Kwa maumivu ya kawaida paracetamol ndiyo nafuu yake. Ila kama anatumia aspirini ndogo aliyopewa kwa ajili ya moyo, usimwachishe wewe. Hilo ni la daktari wake.

Sigara nayo inaongeza hatari. Uzito mkubwa, hasa wa tumboni, unaongeza. Kutembea na kutokwa jasho kunapunguza. Jioni mchukue Shangazi mwende naye mpaka baharini na kurudi. Mkiwa njiani atakwambia mambo ambayo nyumbani hasemi.

Usichemshe kitu, mpeleke

Kuna wakati suala si chakula tena. Maumivu yanazidi badala ya kupungua. Homa inapanda na mwili unatetemeka. Tumbo limekuwa gumu kama ubao, hataki hata shuka imguse. Anatapika, hata maji hayakai. Hatoi choo wala ushuzi, na tumbo linajaa. Damu inatoka haja kubwa, nyingi, nyekundu. Au anapokojoa anatoa hewa au uchafu. Hizo ni dalili kwamba kifuko kimetoboka, kimefanya jipu, kinavuja damu, au kimetoboa njia kwenda kwenye kibofu. Huyo apelekwe hospitali sasa hivi, usiku huohuo, hata kama mvua inanyesha. Asipewe chakula njiani, maana anaweza kuhitaji upasuaji.

Na hata akipona vizuri, baada ya wiki 6 hadi 8 muulize daktari kuhusu kipimo cha kamera ya utumbo kama hajawahi kufanyiwa. Saratani ya utumbo inaweza kujificha ikajifanya uvimbe wa vifuko. Kipimo si cha kila hospitali, na foleni ni ndefu, kwa hiyo ni vizuri kuuliza mapema.

Je, na wewe?

Utasema ugonjwa huu ni wa wazee. Mara nyingi ndiyo. Lakini vijana wanaupata, na katika nchi zinazoweka hesabu vijana wenye ugonjwa huu wameongezeka. Hata hivyo, wewe ukiumwa tumbo usijipime kwa kusoma gazeti. Maumivu ya kulia chini yanaweza kuwa kidole tumbo. Msichana au mwanamke mwenye maumivu makali chini ya tumbo na siku zake zimechelewa anaweza kuwa na mimba iliyotunga nje ya kizazi. Yote mawili hayasubiri kesho. Amiba, homa ya tumbo, mkojo mchafu, vyote huuma tumbo. Nenda kituo cha afya, sema ukweli wote, ya choo na ya siku zako pia.

Tumrudie Shangazi. Anasema hana homa, tumbo haliumi, anatoa ushuzi kama kawaida. Ni choo tu kimegoma, na ni miezi mitano tangu alipougua. Kwa hiyo yuko kwenye siku za uzima, anaishi kwa sheria za siku za kuumwa. Leo mpe maji na papai, jioni mchicha, na unga uuchanganye. Kesho ufuatane naye kliniki, uchukue na ile karatasi yake, umuulize daktari mbele yake: "Mbegu bado zimekatazwa?" Akilisikia kutoka kwa daktari, si kwa mtoto wa juzi kama wewe, litamwingia.

Mbaazi zisubiri wiki ya tatu au ya nne. Ziloweke usiku, zipike mpaka zipondeke kwa kidole, tui la nazi liwe jepesi, pilipili iwe pembeni kwenye kisahani. Mpakulie vijiko viwili. Akiomba cha tatu, mwambie kesho.